Refa wa Ilumba

Baba yangu aliuza dawa ya pamba, na kila alipokwenda kuuza alibeba mpira. Aliufunga nyuma ya pikipiki, juu ya katoni za chupa, na watu wa vijiji vya Magu walipouona ukija barabarani walijua kwamba jioni ile kuna mechi. Jina lake lilikuwa Masalu Shigela, lakini huko alikouza ni wachache waliolijua. Walimwita Refa.

Tulikaa Igoma, upande wa juu wa barabara ya Musoma, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo baba aliijenga polepole kwa miaka tisa alipokuwa akifanya kazi kwenye ushirika wa pamba. Mimi, Selina, ndiye mkubwa. Mdogo wangu Chenge tulipishana kwa miaka saba. Mama yetu, Justa, aliuza dagaa na samaki wa kukaanga pembeni ya soko, na alfajiri alipokwenda mwaloni, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki, baba ndiye aliyetuamsha, akatuchemshia uji na kumwogesha Chenge. Jumapili jioni alipiga pasi sare zetu kwa pasi ya mkaa huku redio ikiwa dirishani inatangaza mpira. Simba walipofungwa fainali ya Afrika kule Dar es Salaam, mwaka 1993, aliizima redio, akachukua jembe na kwenda kupalilia mihogo nyuma ya nyumba, na hatukuthubutu kumwita hadi chakula kilipoiva.

Ujanani alikuwa golikipa. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwa nje, na alipenda kutusimulia jinsi kilivyovunjika akiokoa penalti katika uwanja wa Nyamagana, akakifunga kwa kitambaa na kumaliza mechi. Tulikuwa tumeisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba akikosea dakika, Chenge alimsahihisha. Mimi alinifundisha kudaka. Alimwaga maranda ya mbao uani ili nisiumie magoti, akawa ananirushia mpira kushoto na kulia. Jirani mmoja alimwambia si vizuri mtoto wa kike kugaragara chini namna ile. Baba alimjibu kwa upole, "Asiyegaragara hadaki, mama," kisha akarusha mwingine.

Mwaka ule ule wa 1993 kazini kwao walipunguza watu. Walikusanywa uani, wakasomewa majina, jina lake likiwa la tisa. Alikaa nyumbani miezi saba. Mwanzoni alitengeneza kila kitu kilichoharibika ndani ya nyumba, kisha vitu vya kutengeneza vikaisha. Nakumbuka jinsi alivyokuwa anakaa kwenye kigoda akiangalia barabara, na jinsi mama alivyokuwa anapita mbele yake na beseni la samaki kichwani.

Malimi alikuja mwenyewe kumtafuta. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, aliyefungua duka la pembejeo mjini baada ya serikali kuruhusu kila mwenye uwezo auze na anunue. Alikaa sebuleni kwetu, akanywa chai, akasema, "Masalu, dawa ninayo. Bomba za kunyunyizia ninazo. Nisichokuwa nacho ni mtu ambaye mkulima akimwona anafungua mlango. Mtu huyo ni wewe."

Baba aliondoka naye siku ile ile. Jioni alirudi na pikipiki, na Chenge akaizunguka mara kumi.

Mpira lilikuwa wazo lake mwenyewe. Aligundua kwamba ukifika kijijini na kuanza kuhubiri habari za dawa, watu wanakusikiliza kwa sababu ya adabu tu, kisha wanatawanyika. Ukifika na mpira, wanakuja wenyewe. Kwa hiyo alipanga mechi, akawa mwamuzi, na kipenga cha mwisho kilipolia alibaki katikati ya uwanja akiwa na bomba mgongoni, akiwaonyesha namna ya kuchanganya na namna ya kunyunyizia bila upepo kukurudishia usoni. Watu walinunua wakiwa bado wanabishana kuhusu goli.

Desemba ya 1994, shule zilipofungwa, alinichukua twende naye Ilumba, kijiji cha ndani kabisa, saa moja na zaidi kwa pikipiki kutoka Magu mjini. Huko rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Mhoja, mkulima mrefu mwembamba aliyekuwa mlezi wa timu ya kijiji. Alikuwa anapiga kelele pembeni ya uwanja kuliko vijana wote. Siku ile baba aliikatalia timu yake goli, na Mzee Mhoja aliingia uwanjani na fimbo, akasimama mbele ya baba, wakatazamana. Halafu wote wawili wakacheka. Tulilala kwake. Mkewe alitupa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na baba alipoanza kueleza kuhusu dawa mpya ya msimu, mzee alimkatiza.

"Mambo ya dawa mimi siyajui," alisema. "Ninayemjua ni wewe. Ukisema ni nzuri, niwekee."

Baba alisema ni nzuri. Wakati ule aliamini hivyo.

Mwezi wa pili malalamiko yalianza. Funza walikuwa wanatoboa vitumba vya pamba mashambani, na watu walikuwa wamenyunyizia mara mbili, mara tatu, bila mabadiliko. Baba aliwajibu kama alivyofundishwa: mmechanganya maji mengi, mvua imeosha, mmenyunyizia jua likiwa kali. Nilimsikia akiyasema hayo hata nyumbani, kama mtu anayejikumbusha. Lakini katikati ya mwezi wa tatu alirudi na matawi ya mpamba yaliyofungwa ndani ya kopo la maziwa, na ndani yake funza wazima, wanene, wa rangi ya kijani na kahawia.

Alitoa mabeseni mawili ya mama, akagawanya humo matawi na funza wake. Katika la kwanza alinyunyizia dawa ya Malimi. Ilipoingia kwenye maji haikugeuka kuwa nyeupe kama maziwa, ilivyopaswa; iligeuka kidogo tu, kama maji yaliyooshea mchele. Katika la pili alinyunyizia dawa ya zamani, mabaki ya chupa moja aliyokuwa nayo tangu enzi za ushirika. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

Sisi tulikwenda kanisani tukamwacha pale. Tuliporudi mchana alikuwa hajasogea. Katika beseni la pili funza wote walikuwa wamejikunja, wamekufa. Katika lile la kwanza walikuwa wanakula. Ukiinama ungeweza kuwaona vichwa vikienda na kurudi kwenye kitumba.

"Yawezekana wanachelewa kufa," mama alisema.

Baba aliendelea kukaa pale. Kesho yake asubuhi walikuwa bado wanakula.

Siku hiyo, kwa kuwa shuleni niliingia zamu ya mchana, nilikuwa ninakwenda mjini kununua daftari, kwa hiyo tulikwenda pamoja, na nilikuwa mlangoni mwa duka la Malimi walipozungumza.

"Bosi, hii dawa haiui," baba alisema.

"Wadudu wa mwaka huu ni sugu. Hata redioni wamesema."

"Nimeijaribu nyumbani. Nimeipima na ya zamani."

Malimi alikuwa anapanga chupa kwenye rafu. Aliacha, akamgeukia. "Nani alikutuma ujaribu?"

"Watu wananiuliza mimi."

"Sikiliza, Masalu. Nami nimeuziwa hivyo hivyo. Nimeletewa kwenye mapipa, nikajaza chupa. Unataka niimwage ziwani?" Hakuwa amekasirika, alizungumza kama mtu anayemweleza mtoto. "Zimebaki katoni sita. Zimalize. Mzigo unaokuja utakuwa mzuri. Kama huwezi, niachie ufunguo wa pikipiki hapo mezani."

Baba hakuuacha ufunguo. Tulirudi nyumbani na katoni sita.

Kuta za nyumba yetu hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo yaliyosemwa chumba kimoja yalisikika vyumba vyote. Jioni ile niliwasikia.

"Siendi kuwauzia maji," baba alisema. "Nitamrudishia vitu vyake."

"Halafu?"

"Halafu nitatafuta kazi nyingine."

"Miezi saba ulitafuta," mama alisema. "Miezi saba, Baba Selina. Mimi ndiye niliyekuwa naamka. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama na maji ya ziwa magotini nagombania samaki na wanaume. Sirudi huko."

"Wale ni watu wangu."

"Na sisi ni watu wa nani?"

Nilisikia baba akivua viatu. Kisha mama akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Maliza hizo sita. Mzigo mpya ukija na ukiwa mbaya, utaacha. Sitakuzuia."

Baba aliondoka Jumatano. Alirudi Jumamosi na katoni tupu zimekunjwa. Alioga muda mrefu kuliko kawaida, akakaa sebuleni, na mechi ilipoanza redioni Chenge ndiye aliyekwenda kuiwasha. Baba alimwambia aizime. Alipoulizwa na mama zile za mwisho aliziuza wapi, alisema, "Ilumba. Mhoja amechukua chupa tano."

Mzigo mpya ulikuja baada ya wiki mbili. Baba alifungua chupa moja pale pale dukani, akaimimina kwenye ndoo ya maji, akaitazama. Ilikuwa ile ile. Akaifunga, akairudisha juu ya rafu, na kumwambia Malimi kwamba hatabeba hata moja. Lakini hakuacha ufunguo. Alipanda pikipiki na mpira wake na kwenda Ilumba.

Yaliyotokea huko tuliyapata kwa Seif, fundi baiskeli wa Magu mjini, mpenzi wa mpira ambaye alikuwa akimfuata baba kwenye kila mechi. Alisema kwamba siku hiyo baba alichezesha kipindi cha kwanza vizuri kama kawaida. Mapumziko yalipokwisha na timu kupangana, alipuliza kipenga, akawaomba wachezaji na watazamaji wote wakae chini. Watu walicheka, wakidhani ni mchezo.

"Dawa niliyowaletea msimu huu ni mbovu," baba aliwaambia. "Kosa si la mvua. Si la maji mliyochanganya. Niliwaambia hivyo, nikakosea. Msinyunyizie tena, mnapoteza nguvu zenu bure."

Ilikuwa mwezi wa nne. Mashamba ya Ilumba yalikuwa yameshaliwa. Vitumba vilivyobaki vilikuwa vyeusi ndani, na hakuna mtu pale uwanjani ambaye hakuwa ametoka kuviona asubuhi ile. Seif alisema hapakuwa na kelele. Mtu mmoja tu aliuliza, "Refa, ulijua lini?"

"Nimejua sasa," baba alisema.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimchukua hadi kwenye darasa la shule ya msingi. Hawakumpiga. Walimketisha kwenye dawati la watoto, na mtemi, mkuu wao, akamwuliza mwenye dawa ni nani. Baba akamtaja Malimi. Hukumu ikatoka kabla jua halijazama: amlete huyo Malimi aje aseme mwenyewe mbele ya watu. Hadi siku hiyo, hakuna mtu wa Ilumba atakayemsalimu Masalu, wala kumpa moto, wala maji, wala kusimama naye njiani. Atakayefanya hivyo naye atatengwa, yeye na watu wa nyumbani kwake.

"Mzee Mhoja alikuwepo?" mama alimwuliza Seif.

"Alikuwepo. Hakusema kitu."

Baba alikwenda kwa Malimi kesho yake. Malimi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Niende Ilumba kufanya nini? Wao waliwahi kuniona sura?" Kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo, na safari hii baba akautoa. Alirudi Igoma kwa miguu.

Alikuwa mtu wa kwenda. Hakujua kukaa. Alipanda basi hadi Magu, akaazima baiskeli kwa Seif, akaenda Ilumba peke yake, bila Malimi, bila dawa. Alirudi usiku na kuketi bila kula. Nilimwuliza ilikuwaje, akanieleza kidogo kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wake wa kuzungumza naye mambo ya mpira. Alikuwa ameamkia watu, "Mwangaluka," mlango hadi mlango, na wanawake waliokuwa wanatwanga waliendelea kutwanga. Uwanjani kulikuwa na mechi. Mwalimu mmoja ndiye aliyekuwa anachezesha, tena vibaya. Alisimama pembeni. Mpira ulitoka, ukabingirika hadi miguuni pake, mpira ule ule aliowaachia. Aliurudisha kwa upole kwa yule aliyeufuata. Kijana yule hakuupokea. Aliuacha upite, akasimama akiangalia pembeni, hadi baba alipojitenga hatua kadhaa. Ndipo akaenda kuuchukua.

"Anaitwa Ng'washi," baba alisema. "Beki wa kushoto. Nilimfundisha kurusha mpira kwa mikono miwili."

Alikwenda mara ya pili. Mama alimsihi asiende tena.

"Watakuua wale."

"Hawanigusi," baba alisema. "Hilo ndilo tatizo."

"Sasa unafuata nini?"

"Nikiacha kwenda, watasema nilikimbia. Kuna jambo sijamwambia Mhoja. Kila nikifika kwake anaingia ndani."

Mama alijua jambo hilo ni lipi, na mimi pia nilijua.

Mara ya tatu ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Seif alimkatalia baiskeli, akamwambia njia imekuwa utelezi mtupu, lakini baba alimwambia kwamba basi atatembea, na Seif akaona afadhali ampe. Aliondoka Magu asubuhi. Kabla ya kufika Ilumba kuna kijito chenye mawe, na juu yake wanakijiji walikuwa wameweka magogo matatu kama daraja. Baiskeli iliteleza pale, yapata saa nne. Alianguka chini kwenye mawe, nyonga ikavunjika, na kitu kingine kikapasuka ndani ya tumbo ambacho hakuna aliyekiona. Alijikokota hadi kando ya njia na kubaki pale.

Ilipofika saa tisa baiskeli ikiwa haijarudi, Seif alifunga kibanda chake na kuanza kumtafuta. Alimkuta saa kumi na moja jioni, amelala ubavu, nguo zimelowa, midomo imekauka. Alikodi gari la mtu lililokuwa linabeba mpunga, na usiku ule wakamfikisha hospitalini mjini.

Tulikaa naye siku mbili. Tumbo lake lilikuwa limejaa na kuwa gumu. Daktari alimwita mama pembeni, na mama aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Baba alizungumza mara chache. Alimwuliza Chenge kama amepiga mswaki. Aliniuliza kama Jumapili itakuwa na mechi redioni, nikasema ndiyo, akaniuliza nani na nani, nikamwambia. Halafu alimtazama mama.

"Mhoja aambiwe," alisema. "Zile tano nilijua."

"Utamwambia mwenyewe ukipona," mama alisema.

"Mama Selina."

"Nimesikia."

Alifariki Ijumaa mchana. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Tulimzika Bujora, kwao, karibu na baba yake. Walikuja wachezaji wenzake wa zamani kutoka mjini, wanaume wenye vitambi na mvi, na wanne kati yao wakabeba jeneza. Walikuja wanawake wa sokoni. Alikuja Seif, aliyelia hadi akapelekwa pembeni na watu. Malimi alituma mchele na mtu wa kuuleta. Kutoka Ilumba hakuja mtu.

Na mama hakwenda Ilumba. Wiki ya kwanza alisema ni msiba. Mwezi wa sita alisema hana nauli, na mwezi wa saba hakusema tena chochote. Nami sikumkumbusha. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikutaka watu wale wajue.

Mzee Mhoja ndiye aliyekuja, mwezi wa nane, siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa uani nafua nikamwona amesimama barabarani akiuliza watu nyumba ya Refa, na hakuna aliyejua, kwa sababu Igoma hakuitwa hivyo. Nilikwenda kumchukua. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanifuata.

Mama alimpa kiti. Alikikataa, akakaa chini kwenye mkeka. Aliletewa chai, akaiweka kando.

"Nimekuja kusema neno moja," alianza. "Watoto wakae wasikie. Ni baba yao."

Chenge alikuwa shuleni. Nilikaa mimi.

"Siku ile aliyoanguka, nilipita pale. Nilikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, ninatoka kusaga. Alikuwa amelala kando ya njia. Aliniona." Aliisogeza chai mbali zaidi. "Aliniita kwa jina. Alisema, Mhoja, nisaidie maji. Hakuomba nimbebe. Maji tu."

Mama hakusogea.

"Mkokoteni ulikuwa mtupu nyuma, magunia mawili tu ya unga. Ningeweza kumlaza. Nilisimamisha ng'ombe. Nikafikiria hukumu, nikafikiria wajukuu wangu, nikafikiria pamba. Nikawapiga ng'ombe tukaenda. Aliniita tena mara moja. Baada ya hapo hakuniita."

"Saa ngapi?" mama aliuliza.

"Jua lilikuwa utosini."

Saa sita. Seif alimkuta saa kumi na moja. Niliwaona wote wawili wakizihesabu saa hizo kimoyomoyo, kama nilivyozihesabu mimi.

"Hakutwambia," mama alisema hatimaye. "Siku mbili alikuwa anasema. Hakusema kwamba ulipita."

Mzee aliinamisha kichwa. Alilia bila sauti. Nilitaka aendelee kulia. Nilimchukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu, na nilifikiri mama atasimama na kumfukuza, au atapiga yowe majirani waje. Badala yake alishika ukingo wa kanga yake, akaufunga fundo, akaufungua.

"Na mimi nina neno," alisema. "Zile chupa tano alizokuuzia mwisho. Alijua."

Mzee aliinua uso.

"Alikuwa ameijaribu hapa, kwenye mabeseni yangu. Aliona haiui. Alitaka kuzirudisha. Mimi ndiye niliyemwambia aende akazimalize." Alifunga fundo tena. "Alisema uambiwe. Niliogopa kuja."

Nje gari lilipita, likapiga honi, likaenda. Mzee Mhoja alikuwa anamtazama mama kama mtu anayesikiliza lugha anayoielewa nusu.

"Siku ile alikula kwangu," alisema. "Mke wangu alimchinjia kuku."

"Aliniambia."

"Alikula, mama. Akashukuru."

"Najua."

Aliomba nimsaidie kusimama. Mama alimwuliza kama atakula kwanza, akasema hapana. Alimwuliza kama anataka kupelekwa Bujora akaone kaburi, akasema hapana, si leo. Nilimsindikiza hadi stendi. Njiani aliniambia kwamba sungusungu wameifuta ile hukumu, maana marehemu hawezi kumleta mtu yeyote, na kwamba sisi watoto tukitaka kufika Ilumba tutasalimiwa. Gari la Magu lilipokuja aliweka mguu mlangoni, akageuka.

"Mwambie mama yako sikukasirika," alisema. Kondakta alikuwa anamhimiza. "Hapana. Usimwambie hivyo. Mwambie nimepata gari."

Niliporudi mama alikuwa anapepeta dagaa. Nikamwambia amepata gari.

Mzee Mhoja hakuja tena, na mimi sijawahi kufika Ilumba. Nilisikia kwa Seif kwamba mwaka uliofuata hakulima pamba, alilima mpunga na dengu.

Mwaka ule wa 1995 ulikuwa wa uchaguzi. Mwezi wa kumi Malimi aliandaa mashindano ya watoto kwa ajili ya mgombea aliyekuwa anamuunga mkono, na timu za mitaa yote ya Igoma zikapewa jezi bure. Chenge alikuwa na miaka tisa, na tayari alikuwa kipa wa mtaa wetu. Alirudi nyumbani akikimbia, amevaa jezi ya manjano iliyomfika magotini, na mgongoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi nyeusi jina la duka la Malimi. Hakujua. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza habari za dawa. Tulimwambia tu kwamba baba alianguka na baiskeli.

Alizunguka sebuleni ili tumwone mbele na nyuma. Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha kazi yake, mikono ikiwa hewani, na nilifikiri ataichana.

"Ivue," alimwambia.

Chenge aliivua polepole, macho yameanza kujaa machozi. Mama aliipokea, akaiangalia kwa muda, akatoka nayo uani. Alichota maji, akaifua kwa sabuni, akaisuuza mara mbili, akaianika kwenye kamba. Mechi ilikuwa kesho, na Chenge hakuwa na nguo nyingine ya kuchezea.